Mkalimani Aliyelowesha Mafaili ya Hakimu

Ninyi mliomaliza chuo juzi na kupewa koti jeupe lenye mifuko miwili, mmekuwa mkinijia nyumbani na swali moja: mtu aliyesomea kuwafundisha watu kusema aliingiaje katika kazi ya kuwafundisha watu kumeza mate? Mnauliza kwa heshima, lakini nawaona mnavyotazamana. Nitawajibu kwa maandishi, kwa sababu nikijibu kwa mdomo nafikiria mno, nasahau nilikoanzia, na chai inapoa.

Jibu fupi ni kwamba kulikuwa na mkalimani wa mahakama upande wa Migori aliyekuwa akimrushia hakimu mate. Jibu refu linaanzia Homa Bay.

Niliripoti hospitali ya huko mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka ng'ambo kusomea tiba ya usemi, kozi ambayo hapa kwetu haikuwepo. Mimi ni Mjaluo kwa jina na kwa damu, lakini nimezaliwa na kulelewa Mombasa, kwa hiyo Dholuo yangu ilitosha kusalimia na kuomba maji. Nilikuwa mtu wa wasiwasi. Asubuhi ya kuripoti nilisimama nje ya mlango wa mganga mkuu nikijiuliza nibishe mara mbili au mara tatu. Mara mbili niliona ni kama mtu aliyekuja kulalamika. Mara tatu ni kama polisi. Kabla sijaamua, mlango ukafunguliwa, mganga mkuu akatoka na kuniambia kwa upole kwamba foleni ya malaria iko upande wa pili. Nikaenda nikapanga foleni. Nilitolewa damu siku ile kwa sababu sikujua niseme lini kwamba mimi ni mfanyakazi. Majibu yalikuwa mazuri.

Walinipa chumba kati ya kliniki ya meno na stoo ya magongo. Jirani yangu alikuwa afisa wa meno, Bwana Okoth, mtu mnene asiyecheka kwa mdomo ila kwa mabega. Mwezi wa kwanza nilipata mgonjwa mmoja, na huyo alikuwa amepotea akitafuta choo. Nilimpima hata hivyo. Matamshi yake hayakuwa na kasoro, nikaandika hivyo kwenye faili na kumwelekeza njia.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipozaliwa, na nawaomba mlisome polepole, maana bado naliona likifanywa na watu wenye vyeti vizuri kuliko changu. Kwa kukosa wagonjwa, nilikwenda kuwatafuta. Niliomba ruhusa kanisani, nikasimama mlangoni baada ya ibada na tochi yangu, nikawaomba wazee wafungue vinywa. Wakafungua huku wakicheka. Sasa, mnajua kwamba wazee wetu wa zamani waling'olewa meno sita ya mbele, ya chini, walipokuwa vijana. Ni mila, na hata wakati ule ilikuwa imebaki kwa wenye mvi tu. Nami nilijua. Babu yangu mwenyewe alikuwa na pengo hilo, na utotoni nilidhani lilitengenezwa kwa ajili ya kiko chake.

Lakini mtu wa wasiwasi hawezi kujua jambo na kuliacha lilivyo. Kitabu changu kilisema kwamba ulimi unaoonekana kati ya meno wakati mtu ametulia ni dalili ya ulimi unaosukuma mbele. Nami kupitia mapengo yale niliona ndimi kanisa zima. Nikawaza: mlango umeachwa wazi miaka hamsini, ulimi utakosaje kutoka? Nikajaza kurasa tatu za majina. Nikaandika barua ya kupeleka mkoani kueleza kwamba kando ya ziwa kuna mlipuko wa ndimi. Nilitumia neno hilo hasa, mlipuko, nikalipigia mstari.

Kwa bahati nilimpa Okoth aisome kwanza. Akaisoma mara mbili, mabega yakaanza.

"Umewauliza kama wanaumwa?"

"Dalili zipo, Bwana Okoth."

"Sijakuuliza dalili. Umewauliza?"

"Sijawauliza."

"Wa kwanza kwenye orodha yako ni Dani Persila. Huyu anauza samaki hapo langoni. Mwite umwambie ana mlipuko."

Dani ni bibi. Alikuja na karai lake kichwani, akaliweka juu ya meza yangu, juu ya barua.

"Nyar Mombasa," akaniita, yaani binti wa Mombasa, jina ambalo sikuweza kulivua tena miaka yote niliyokaa huko. "Nimeambiwa niko na ugonjwa."

"Si ugonjwa hasa, Dani. Ni ulimi. Nadhani unasukuma mbele ukimeza."

"Inasukuma nini? Meno iko wapi ya kusukuma?"

Akavuta kiti, akachukua fulu mmoja kutoka kwenye karai. Fulu ni samaki mdogo kama kidole, miiba mitupu, na siku hizo walikuwa wameanza kuadimika kwa kuliwa na mbuta, yule samaki mkubwa mla wenzake, kwa hiyo mjue alinipa heshima. Akamtia kinywani mzima. Midomo ikafungwa. Uso haukukunjamana, kidevu hakikutikisika. Baada ya muda miiba ilianza kutokea pembeni mwa mdomo wake, mmoja mmoja, safi kama sindano za hospitali. Mimi mwenye meno thelathini na mawili na shahada nisingeweza kufanya hivyo hata kwa kisu.

"Dani, unafanyaje?"

"Wewe Mombasa hamkuli samaki?"

"Tunakula. Ila wetu wana nyama."

"Ndiyo maana ulimi yenu ni mvivu." Akafungua kinywa anionyeshe. Ncha ya ulimi ilikuwa imebanwa juu, nyuma kidogo ya meno ya juu, pale penye vimistari mtu anavyoweza kuvipapasa. "Mbele inashikilia tu. Inakaa hapo, haitoki. Kazi ni ya pande na nyuma. Hata nikimeza inakaa hapo. Ikitoka tu, mwiba itaenda mahali si yake."

Mlipuko wangu ukaishia hapo. Barua sikuichana. Niliiweka kwenye faili, pengine ingehitajika.

Bwana Marwa alifika wiki chache baadaye. Alikuwa mtu wa kama miaka arobaini, tai imekazwa, leso mbili mkononi. Alikuwa mkalimani katika mahakama moja ndogo upande wa Migori, Mkuria aliyeijua Dholuo kama mwenyeji na Kiswahili kama mwalimu. Alipoketi na kusema, "Shikamoo, Daktari, nimeshauriwa nije," daftari langu la mahudhurio lilipata madoa manne. Fikirieni maneno ya kazi yake: mashahidi, mshtakiwa, sheria, kiapo cha shahidi, Mheshimiwa. Mtu mwenye ulimi kama ule asingeweza kuchagua kazi mbaya zaidi hata angesaidiwa.

Alinieleza walivyojaribu. Kwanza hakimu alimsogeza dirishani, upepo ukamrudishia hakimu kila kitu. Kisha wakamsimamisha nyuma ya mshtakiwa, na mshtakiwa mmoja akalalamika mbele ya mahakama kwamba ameanza kuadhibiwa kabla ya hukumu. Mwisho hakimu alianza kufunika faili kwa karatasi ya nailoni, akiandika kwa kuingiza mkono chini yake kama mtu anayemkamua mbuzi gizani. Siku saini yake ilipochuruzika mpaka ukingo wa karatasi, alimwandikia Marwa barua: mahakama itakapofunguliwa baada ya likizo ya Agosti, ama awe amepona ama ahamishiwe stoo ya mafaili.

"Stoo, Daktari," alisema, na leso haikuwahi. "Huko hakuna mtu. Ni mafaili na panya. Baba yangu alikuwa msemaji wa ukoo. Babu yangu hivyo hivyo. Mimi nikienda kukaa kimya miaka kumi na tano mpaka pensheni, nitatoka huko nikiwa mzima kweli?"

Nilimwambia asijali. Huwa nasema hivyo ninapojali sana.

Nikamtibu kama nilivyofundishwa. Kila Ijumaa alikuja kutoka Migori, nikampa orodha ya maneno: sasa, sisi, sisimizi, sahani safi. Mbele ya kioo alifanya vizuri ajabu. Wiki ya nne kioo kilibaki kikavu mwanzo hadi mwisho, nikajipongeza, nikamwalika Okoth aje kukiangalia kioo. Jumatatu Marwa akarudi mahakamani, na kufikia saa nne hakimu alikuwa ameshafuta miwani mara tatu.

Niliandika kurasa kumi na moja za sababu zinazowezekana. Ya saba ilikuwa unyevu wa ziwa. Ya tisa ilikuwa kwamba hakimu anakaa chini mno. Okoth alisoma mpaka ya tisa, akanirudishia karatasi.

"Umemwona akiwa kazini?"

"Hapana."

"Umemwona hata akila?"

Siku iliyofuata nilikwenda Migori. Nilifika wakati wa chakula cha mchana, nikamkuta Marwa kwenye kibanda nyuma ya mahakama na sahani ya ugali na nyama. Nikaketi mkabala naye, nikatoa daftari, nikamwomba aendelee kana kwamba sipo. Ni vigumu kula kana kwamba mtu hayupo wakati anakuandika, lakini alijitahidi. Akakata tonge, akalichovya, akalipeleka mdomoni, na kabla halijafika ulimi ulishatoka nje kulipokea, kama mwenye nyumba anayekwenda kumlaki mgeni barabarani. Alipomeza, midomo ilibanana kwa nguvu na kidevu kikajikunja kama limau lililokauka. Akameza mate: vilevile. Akanywa maji: vilevile.

Basi niliona aibu ambayo bado naikumbuka. Mtu humeza mchana kutwa bila kufikiri. Kila mara ulimi wa Marwa ulikuwa ukijizoesha kwenda mbele, na mimi nilikuwa nikiuita urudi nyuma nusu saa tu, kila Ijumaa, kwa kutumia sisimizi. Herufi haikuwa na kosa lolote. Ulimi wake haukuwa na mahali pa kukaa. Na mahali penyewe nilikuwa nimeshaonyeshwa bure, na bibi mwenye karai la samaki.

Ninyi leo mna jina la kazi hii, tiba ya misuli ya uso na kinywa, na mna vipira vidogo vya kuweka kwenye ncha ya ulimi, na picha za kompyuta. Mimi niliifanya karibu mwaka mzima kabla mwalimu wangu wa zamani hajaniandikia kwamba ninachokifanya kina jina, na kwamba kuna watu hawafanyi kingine. Nililia kidogo niliposoma barua ile. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri kwamba nimeacha taaluma yangu na kuwa mchuuzi wa samaki.

Tulianza na pua. Msikie hili, vijana: asiyeweza kupumua puani hawezi kufunga mdomo, na asiyefunga mdomo msimsumbue na ulimi. Marwa alikuwa mvutaji wa ugoro, na pua yake ilikuwa imeziba kama bomba la jikoni. Akaacha ugoro kwa manung'uniko. Kisha nikampeleka langoni kwa Dani Persila.

Alimtazama kuanzia viatu. "Mkuria," akasema, "wewe umezoea nyama ya ng'ombe. Samaki utaiweza?"

"Mama, hata kwetu kuna mto."

"Mto si ziwa. Kaa chini. Toa hiyo tai, itaingia kwa mchuzi."

Dani alitaka aanze moja kwa moja na fulu. Mimi nilikataa. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshamwona mgonjwa wangu akikabwa na mwiba, akikimbizwa wodini, na mimi nikiulizwa nilisomea wapi. Tukabishana karibu saa nzima, mtafsiri wetu akiwa Marwa mwenyewe, kwa kuwa Dani akikasirika huhamia Dholuo. Alitafsiri kwa uaminifu hata pale Dani aliposema kwamba mimi ni mwoga kama kuku aliyeona mwavuli. Mwisho tukaafikiana juu ya omena mmoja mkavu, yaani dagaa wa ziwani, asiye na kichwa. Ambane kwa ncha ya ulimi dhidi ya ile sehemu yenye vimistari, afunge midomo bila kuikaza, apumue puani, ameze mate, na omena abaki palepale. Mara tano asubuhi, mara tano mchana, mara tano jioni. Baada ya kila zoezi amtupe, na zoezi linalofuata achukue mwingine.

Omena wa kwanza alikwenda na mate. Wa pili pia. Juma lile Marwa alimeza omena wengi kuliko bata. Lakini kufikia katikati ya Agosti alikuwa akimshikilia kutoka sokoni mpaka nyumbani kwake. Mkewe alinitumia salamu akiuliza kama dawa yangu ndiyo iliyomfanya mumewe asijibu akisemeshwa, na kama inaweza kuongezwa.

Jambo moja nilimwambia waziwazi, nikamwandikia pia: zoezi ni la nyumbani. Mahakamani aende kinywa kitupu.

Siku mahakama ilipofunguliwa nilikuwa nimeketi benchi la nyuma. Hakimu alikuwa mama mrefu, mtulivu, mwenye miwani mikubwa. Aliingia, akaketi, akatandaza nailoni juu ya faili bila hata kuangalia, kama mtu anayetandika meza. Marwa alipita karibu nami. Nikamsalimu. Hakujibu, aliinamisha kichwa tu. Kisha nikasikia harufu.

Alikuwa ameogopa. Hilo tu. Alipokuwa akisema alimficha omena kati ya shavu na ufizi, na aliponyamaza alimrudisha juu. Kitu kama hicho sikuwa nimemfundisha, wala hakimo katika kitabu chochote, na nikiri kwamba kama mtaalamu nilivutiwa.

Kesi ilikuwa ya mzee mmoja wa Isebania aliyeshtakiwa kwa kuvusha ng'ombe mpakani kwenda Sirare bila karatasi. Hakimu aliuliza maswali mawili matatu, Marwa akayageuza Kikuria na kuleta majibu mafupi. Kisha hakimu akaacha kuandika.

"Mkalimani, unakula?"

Marwa, kwa mazoea ya miaka, alimgeukia mzee na kumwambia kwa Kikuria. Kisha akamgeukia hakimu. "Anasema hajala tangu jana, Mheshimiwa. Ametembea kwa miguu kutoka Isebania."

"Sikumuuliza yeye."

Akamgeukia mzee tena. Mzee akasema jambo.

"Mheshimiwa, mshtakiwa anauliza, basi ulikuwa unamuuliza nani."

"Nilikuwa nakuuliza wewe, Bwana Marwa."

Alianza kumtafsiria mzee hata hilo, akakatika katikati. "Mimi?"

"Una kitu kinywani."

Akaingiza vidole viwili, akatoa omena, akamshika mkiani mbele ya mahakama. Karani akasimama ili aone vizuri.

"Hiyo ni nini?"

"Ni omena, Mheshimiwa. Ni dawa."

Hapo niligundua kwamba nimesimama. Sikukumbuka kuamua kusimama.

"Na wewe ni nani?" hakimu akauliza.

Nikaanza kufikiria jibu. Tabibu? Daktari, ingawa si daktari? Shahidi, ingawa sijaapa? "Mheshimiwa," nikasema, "ni mimi niliyempa huyo samaki."

Aliniangalia kwa muda ambao ningeweza kujaza kurasa kumi na moja nyingine. Kisha akamwambia Marwa amweke omena mezani. Marwa akamweka kwenye ukingo wa meza ya karani, kwa uangalifu, kichwa kisichokuwepo kikielekea ukutani.

"Sasa," hakimu akasema, "nataka mshtakiwa aeleze mwenyewe, kwa kirefu, ng'ombe alivukaje. Nawe utanieleza ukiwa umesimama hapa mbele yangu." Akashika nailoni kwa ncha mbili, akaiondoa, akaikunja, akaiweka chini. Faili likabaki wazi. Akachukua kalamu. Hakurudi nyuma hata kidogo.

Mzee alieleza kwa kirefu kweli, kwa mikono na mabega. Alipomaliza, Marwa alifunga midomo. Nilimwona akipandisha ulimi mahali pake. Huwezi kuliona hilo usipokuwa umekaa wiki sita ukilitazama. Akameza mate. Kidevu hakikusogea.

"Mheshimiwa," akasema, "mshtakiwa anasema hakusafirisha ng'ombe yeyote. Anasema ng'ombe alisafiri mwenyewe, yeye akasindikiza. Alisimama Isebania akamsihi asivuke, ng'ombe hakusikia. Walipofika Sirare askari walisimamisha mtu, wakasahau kumsimamisha ng'ombe. Anasikitika sana kwamba ameshtakiwa yeye aliyefuata, na aliyetangulia hajashtakiwa."

Hakimu alivua miwani, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama upande huu na upande ule. Akapitisha kiganja juu ya faili, kutoka juu mpaka chini. Akakitazama kiganja. Akavaa miwani.

"Stoo itatafutiwa mtu mwingine," akasema. "Tuendelee."

Nikaketi. Marwa hakunitazama, alikuwa kazini. Mzee alikuwa amenyoosha kidole kuelekea meza ya karani, akisema neno kwa sauti ya chini, na Marwa akamsikiliza mpaka mwisho kama anavyopaswa kusikilizwa kila anayesimama pale.

"Mheshimiwa," akasema, wima, sauti safi, bila tone la mate, "mshtakiwa anauliza kama yule samaki ana mwenyewe."